Donge la chapati linapumzika nini hasa?

#1 MamaMadonge

Habari za asubuhi. Nina kibanda cha chai na chapati huku Umoja, karibu na steji. Tangu Jumatatu nina msaidizi mpya, kijana mwepesi wa mkono lakini hana subira hata ya kungoja chai ipoe. Akimaliza kukanda anakata madonge papo hapo na kuanza kusukuma. Donge linafunguka mpaka upana wa sahani. Akiinua tu mti wa kusukumia, linajikunyata mpaka upana wa kisosi. Anasukuma, linarudi. Anasukuma tena, linarudi. Mwishowe chapati inatoka nene kama soli ya ndala, na wateja hawamwangalii yeye, wananiangalia mimi.

Mimi nilifundishwa na shosho: kanda, paka mafuta, funika na sufuria, ngoja nusu saa. Sikuwahi kuuliza. Sasa huyu kijana kaniuliza, "Mama, donge linapumzika nini na kazi nimefanya mimi?" Nimekosa jibu.

Najua likiwa tayari, maana nalibonyeza kwa kidole. Likiwa bado, shimo linajaa mara moja. Likiwa tayari, shimo linabaki, kingo zake zinashuka polepole kama mtu anayesinzia kanisani. Lakini unga ni ule ule na maji ni yale yale. Nini kimebadilika humo ndani? Na la pesa ni hili: hiyo nusu saa naweza kuipunguza? Saa kumi na moja alfajiri kila dakika ina mteja wake.

#2 WaPipeline

Linapumzika makofi. Hata wewe ungepigwa hivyo ungejikunyata.

#3 ChefuNgara

Ni gluteni, mathe. Ukikanda inakaza kama misuli ya mtu aliyetoka mazoezi. Ukiiacha, misuli inalegea. Kila mpishi anajua hili, uzi ufungwe.

#4 Mwl_Mstaafu

Uzi usifungwe bado. Chefu, umelitaja jina la gluteni lakini hujaeleza kitu. Msuli unakaza kwa sababu unachoma nishati, ukiishiwa unachoka. Donge halina chakula linachochoma. Likikaa, hakuna anayelilegeza kwa amri ya ubongo.

Gluteni hutokana na protini mbili za ngano, gliadini na glutenini, zinapokutana na maji. Glutenini ni ndefu sana, nyuzi zake zimeungana kwa viungo vya salfa, nazo ndizo zinazorudi nyuma kama lastiki. Gliadini ni fupi, inateleza katikati yake. Unga wa mahindi hauna hizi mbili, ndiyo maana hujawahi kuona ugali ukijikunyata kwenye sahani. Sasa swali la kijana bado liko palepale: kama lastiki ipo kabla ya nusu saa na ipo baada ya nusu saa, mbona mwanzoni inavuta na baadaye haivuti?

#5 BintiWaLamu

Watu wa bara mnakanda kwa vita. Siri ni maji. Unga haunywi maji yote pale pale. Chembe za nje zinalowa, za ndani bado kavu. Nusu saa ni ya maji kufika ndani. Jaribuni hivi: changanyeni unga na maji tu mpaka ushikane, msikande, mfunike dakika ishirini. Mkirudi mtakuta limelainika lenyewe bila kofi hata moja. Hata waokaji wa Ufaransa wanafanya hivyo. Raymond Calvel aliisambaza njia hiyo miaka ya 1970. Kwetu bibi zetu hawakumngoja.

#6 WaPipeline

Lamu mmeshinda hata Wafaransa. Haya.

#7 ReolojiaChiromo

Nilisomea mambo ya polima, yaani molekuli ndefu kama nyuzi, naomba niingie. Jambo analoliona MamaMadonge lina jina: kulegea kwa mkazo. Chukua kitu laini, jeli au donge au gundi, kivute au kibonyeze mpaka kiasi fulani, halafu kishikilie hapo hapo bila kukiongeza wala kukipunguza. Umbo halibadiliki. Lakini nguvu unayohitaji kukishikilia inapungua kadiri muda unavyokwenda. Kitu kinaacha kukupinga ingawa hujakiachilia.

James Clerk Maxwell alilieleza mwaka 1867: kila kitu kina muda wake wa kulegea, na kwa hesabu yake ya kawaida muda huo ni mnato ukigawanywa kwa ugumu. Maji muda wao ni mfupi mno, huwezi kuuona. Chuma cha kikaango chako muda wake ni mrefu mno, nao huuoni. Donge liko katikati, kwenye sekunde na dakika, ndiyo maana linakusumbua: muda wake umegongana na muda wa mkono wako.

Ndani kunatokea nini? Fikirieni nywele ndefu zilizotimka. Ukivuta kishungi kwa ghafla, vifundo vinashika na kichwa kinauma. Ukivuta taratibu, unywele mmoja mmoja unateleza na kutoka kwenye fundo lake. Mfaransa Pierre-Gilles de Gennes alitoa picha hiyo mwaka 1971: molekuli ndefu inajipenyeza kati ya wenzake kama nyoka kwenye majani. Alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1991, pamoja na kazi zake nyingine. Kukanda kunavuta nyuzi, nyuzi zinabaki zimekazana. Nusu saa ni muda wa nyoka kupata njia.

#8 MamaMadonge

Asante mwalimu wa Chiromo, hiyo ya nywele nimeielewa kabisa. Kijana amesoma akacheka, anasema basi tulipake donge mafuta ya nywele.

#9 BodaGithurai

Sasa mmegusa kazi yangu. Mimi nafunga mizigo kwa blada, zile kamba tunazokata kwenye tyubu za magari. Nikifunga Gikomba inavuma kama uzi wa gitaa ukiigonga na kidole. Nikifika Githurai imelegea, mzigo unacheza. Siku nyingine nimelazimika kusimama Roysambu kukaza tena. Hiyo nayo ni nyoka kwenye majani?

#10 ReolojiaChiromo

Nusu ndiyo, nusu hapana. Mpira wa tyubu umepikwa na salfa, njia iliyotokana na ugunduzi wa Charles Goodyear mwaka 1839. Salfa inafunga nyuzi kwa vifundo vya kudumu. Kwa hiyo mkazo unashuka kidogo mwanzoni, halafu unafika mahali unakaa. Hauishi kabisa. Blada ikiachwa wiki nzima bado itakuwa inavuta. Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya jeli zenye vifundo vya kudumu na zile ambazo vifundo vyake vinafunguka na kujifunga upya: hizi za pili mkazo wake unaweza kufika sifuri, zile za kwanza haufiki.

Ila kwako nadhani kosa ni la mzigo. Magunia yanajikalia barabarani, mzigo unapungua unene, blada inabaki ndefu kuliko mzigo.

#11 BodaGithurai

Mimi nabeba mitungi ya gesi. Mtungi haujikalii.

#12 WaPipeline

😂😂 Profesa ameanguka kwenye bampu.

#13 FunduWaSili

Niko Kirinyaga Road, nauza sili na mipira ya magari. Boda yuko sahihi. Mpira ukibanwa muda mrefu haurudi wote. Nikitoa sili iliyokaa miaka kwenye injini, inatoka bapa, imeshika umbo la pale ilipokuwa. Mteja anasema "bado ni nzima, haijakatika." Ndiyo, haijakatika, lakini haisukumi tena, na mafuta yanapita. Joto linazidisha. Sili ya karibu na injini inachoka kabla ya nyingine zote.

Na baridi ina lake. Mnakumbuka chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilicholipuka tarehe 28 Januari 1986 na watu saba wakafa? Ilikuwa ni mpira wa duara wa kuzibia. Asubuhi ile ilikuwa baridi kali, mpira ukawa mzito kurudi umbo lake, gesi ya moto ikapenya. Mwanafizikia Richard Feynman alionyesha mbele ya kamera: alikibana kipande cha mpira ule, akakitumbukiza kwenye maji ya barafu, akakiachilia. Kikakawia kurudi.

#14 Mwl_Mstaafu

Fundi asante, huo ni mfano mzuri, ila tuseme wazi kwamba ni pande mbili za shilingi moja. Sili yako ya injini imelegea mkazo kwa sababu ya joto na muda, na hapo kuna pia kemia, vifundo vinavunjika na vingine vinafungwa upya katika umbo jipya. Ile ya Challenger haikupoteza mkazo kwa uzee, ilichelewa kurudi kwa sababu ya baridi. Kwa MamaMadonge somo ni kwamba Julai, Nairobi ikiwa na ukungu, donge litahitaji muda zaidi kuliko Februari.

#15 MamaMadonge

Hilo kweli! Mwezi wa saba nusu saa haitoshi. Nilidhani ni unga wa mwezi huo.

#16 MtotoWaMaswali

Samahani, naona wote mnapita juu ya kitu kimoja. Tukubali kukanda kunaweka mkazo, na nusu saa inauondoa. Sawa. Lakini kusukuma chapati nako ni kuvuta. Ukisukuma donge lililopumzika unaweka mkazo mpya kabisa. Kwa nini huo mpya haulirudishi nyuma? Kama kupumzika kunaondoa tu mkazo wa zamani, donge lililopumzika lingepaswa kurudi nyuma sawa na lile lingine, kwa sababu lastiki yake bado ipo. Mimi naona hamjajibu swali, mmelivisha koti tu.

#17 ReolojiaChiromo

Swali zuri, na limeninyima raha tangu nilipolisoma. Jibu langu: kupumzika hakuondoi mkazo peke yake, kunapunguza pia muda wa kulegea wenyewe. Kukanda kumezikaza nyuzi na kuzipanga upande mmoja. Zikipumzika zinajikunja ovyo tena, ugumu unashuka. Ukisukuma kwa sekunde tano, donge bichi linahitaji labda dakika kulegea, kwa hiyo linakumbuka kila kitu. Donge lililopumzika linalegea sekunde hizo hizo, chini ya mti, kabla hujainua mkono.

#18 BintiWaLamu

Au limekunywa maji likalainika. Nilisema #5.

#19 ChefuNgara

Au ni vimeng'enya. Unga una vimeng'enya vinavyokata protini. Acha donge kwenye friji siku mbili uone: linageuka kijivu, linanata, likivutwa linakatika kama ubani uliotafunwa mpaka ukaisha utamu. Hiyo si nyoka kwenye majani, hao nyoka wamekatwa vichwa. Nusu saa ni mwanzo wa safari hiyo hiyo.

#20 Mwl_Mstaafu

Kwa siku mbili nakubali. Kwa nusu saa nina shaka. Viungo vya salfa vinaweza kubadilishana wenyewe kwa wenyewe: kimoja kinaachia hapa kinashika pale, bila kukatwa na kimeng'enya chochote. Kwa hiyo sasa tuna nyoka, maji, mkasi na kubadilishana wachumba.

#21 WaPipeline

Hiyo ya mwisho nimeielewa kuliko zote.

#22 BwanaMizani

Nimesoma mpaka hapa nikaingia jikoni. Nina mizani ya dijitali ya kupimia viungo vya keki, inafika kilo tano. Nimeiweka kwenye rafu ya kabati. Juu ya mizani nimeweka donge bichi la gramu mia, juu yake kifuniko bapa cha bati, halafu nikapiga kabari mbili za mbao kati ya kifuniko na rafu ya juu. Kwa hiyo donge limebanwa, unene wake hauwezi kubadilika, na mizani inasoma linavyosukuma. Nilifuta uzito wa donge na kifuniko kwanza.

Kabari zilipoingia: kilo mbili na ushei. Nikihesabu mpaka kumi: kilo moja. Dakika moja: gramu mia sita hivi. Dakika mbili: mia tano. Dakika tano: mia tatu na hamsini. Dakika ya sita mizani ikajizima yenyewe kuokoa betri. Mke wangu amepita akauliza donge limekosa nini mpaka likafungiwa kabatini.

#23 ReolojiaChiromo

Ndugu yangu, umefanya kipimo ambacho maabara wanakifanya kwa mashine ya mamilioni. Na angalia kitu umekipata. Kama donge lingekuwa na muda mmoja wa kulegea kama hesabu rahisi ya Maxwell, mkazo ungepungua nusu kila baada ya muda ule ule. Wako ulishuka nusu ya kwanza kwa sekunde kumi, nusu ya pili ikachukua karibu dakika mbili. Linaanza kwa pupa halafu linajivuta. Maana yake hakuna muda mmoja, kuna mingi: vifundo vidogo vinafunguka haraka, vikubwa vinakawia.

Hili ni la zamani kuliko Maxwell. Wilhelm Weber aliliona kwenye nyuzi za hariri mwaka 1835: alizitundikia uzito, zikarefuka mara moja, halafu zikaendelea kurefuka kidogo kidogo. Rudolf Kohlrausch naye, mwaka 1854, alikuwa anapima chaji ya umeme inavyopungua kwenye chupa za kioo, akakuta upungufu wa namna hii hii, wa haraka mwanzoni kisha mkia mrefu. Hesabu yake inatumika mpaka leo kwa jeli.

#24 FunduWaSili

Au rafu ya kabati ilipinda. Mbao za siku hizi ni machujo yaliyogandishwa kwa gundi.

#25 BwanaMizani

Nimeogopa hilo. Nimejaribu na kipande cha mbao ngumu badala ya donge. Namba ilishuka kidogo sana. Kwa hiyo kabati lina hatia lakini si kubwa.

#26 MkazoPolepole

Tukitoka kwenye chapati kidogo: nasikia hata kioo kinatiririka. Madirisha ya makanisa ya zamani Ulaya ni manene upande wa chini.

#27 Mwl_Mstaafu

Hapana, hiyo ni hadithi. Zamani vioo havikutoka na unene sawa kwa sababu ya namna vilivyotengenezwa, na fundi mara nyingi aliweka upande mzito chini. Kwenye joto la kawaida kioo hakitiririki kwa kiasi cha kuonekana na binadamu yeyote.

Ukitaka kitu kinachotiririka kweli, tazama lami. Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, wameweka lami kwenye faneli tangu mwaka 1927. Profesa Thomas Parnell alianzisha, na mwaka 1930 akakata shingo ya faneli ianze kudondoka. Ukiigonga kwa nyundo inavunjika kama kioo. Ikiachwa inadondoka, na tone la tisa lilianguka mwaka 2014.

#28 BodaGithurai

Lami ya hapa Nairobi haihitaji faneli. Angalieni pale matatu zinaposimama steji, au kwenye foleni ya mzunguko. Barabara imeingia ndani mifereji miwili kwa umbo la matairi. Mita mia mbele, mahali magari yanapita mbio, iko sawa.

#29 ReolojiaChiromo

Umeniwahi. Gari linalopita mbio linaigusa lami kwa kitambo kidogo, lami inajibu kama mpira na kurudi. Gari lililosimama linaipa muda wa kutiririka. Lami ni ile ile, kilichobadilika ni muda.

Kuna nambari ya hilo. Marcus Reiner aliipa jina la Debora mwaka 1964, kutokana na wimbo wa nabii Debora katika kitabu cha Waamuzi sura ya 5, pale inapotajwa milima mbele za Bwana. Reiner aliusoma kwamba milima ilitiririka: kwa Mungu, mwenye muda wote, hata mlima unatiririka. Unachukua muda wa kulegea wa kitu, unagawa kwa muda unaokitazama. Ikiwa nambari ni kubwa, kitu ni kigumu kwako. Ikiwa ndogo, ni kama maji. Kijana wa MamaMadonge ana nambari kubwa.

#30 WaPipeline

Kijana ana Debora kubwa. Mwambieni ampeleke kwao.

#31 MkazoPolepole

Biblia yangu inasema milima ilitetemeka, haisemi ilitiririka.

#32 ReolojiaChiromo

Tafsiri zinatofautiana kwenye neno hilo, na Reiner alichukua lile lililomfaa.

#33 MguuMzima

Mimi natibu viungo kwa mazoezi, watu wa magoti na mgongo. Nataka kuongeza sababu ya tano, na nadhani inawahusu. Gegedu ya goti ni jeli iliyojaa maji. Ukisimama juu yake, nguvu inashuka kidogo kidogo pia, lakini sababu kubwa ni kwamba maji yanasukumwa kutoka kwenye vitundu vyembamba sana. Diski za uti wa mgongo ni hivyo hivyo: mchana zinapoteza maji, usiku unapolala zinayanywa tena. Ndiyo maana asubuhi mtu mzima ni mrefu kuliko jioni kwa karibu sentimita moja au zaidi. Pimeni watoto wenu muone.

Sasa faida kwa uzi huu ni hii. Kama mkazo unalegea kwa sababu ya maji kusafiri, ukubwa wa kipande una maana kubwa: safari ikiwa mara mbili, muda unakuwa mara nne. Kama ni nyuzi zinateleza, ukubwa hauna maana, kwa sababu kila kifundo kinajifungua pale kilipo. Kwa hiyo MamaMadonge anaweza kuamua ugomvi wa Binti na profesa kwa kisu. Akate madonge makubwa na madogo kutoka unga mmoja, aone yapi yanakuwa tayari kwanza.

#34 PweaniUnguja

Hodi kutoka Unguja, nimeletwa na rafiki. Mnasema jeli bila kuwaita wenye jeli? Huku tunalima mwani, na hata Kibuyuni huko Kwale kwenu wanalima. Kuna mwani wa spinosum na wa cottonii: spinosum inatoa karajinani, ute wa kugandishia jeli, ya aina moja, cottonii ya aina nyingine. Ya cottonii ukiigandisha inakuwa ngumu, inakatika kama biskuti, na ikikaa inatoa jasho la maji. Ya spinosum ni laini, ukiikoroga inavunjika, ukiiacha inajishika tena yenyewe. Ni mimea ya baharini inayofanana, lakini moja inasahau na moja inaweka kinyongo.

Na Kiswahili cha uzi huu kina mawe mawe, lakini nimefurahi.

#35 WaPipeline

Mawe ni ya Nairobi. Vumilia.

#36 MamaMadonge

Nimerudi. Leo mchana kibanda kikiwa kimetulia nimefanya la MguuMzima. Unga mmoja, maji ya uvuguvugu, chumvi, kijiko cha mafuta. Nimekata madonge manne ya kawaida, manne madogo kama ndimu, na moja kubwa kama ngumi mbili. Yote chini ya sufuria moja. Nimebonyeza kila baada ya dakika tano, kidole kile kile.

Madogo na ya kawaida yamekuwa tayari pamoja, dakika ya ishirini na tano hivi. Nikasema basi, profesa ameshinda, maji yameshindwa. Lile kubwa nalo, nililotarajia lichelewe, limetangulia. Dakika ya kumi na tano shimo lilikuwa limebaki.

#37 BintiWaLamu

Kubwa lilibaki na joto la maji. Madogo yalipoa.

#38 ChefuNgara

Na kubwa hukuliviringa sana. Madogo umeyaviringa moja moja kiganjani, kila mviringo ni mkazo mpya. Yalianza kuhesabu muda upya wakati lile kubwa lilikuwa limeshaanza.

#39 MguuMzima

Duh. Sikufikiria kuviringa. Binti, hata hivyo maji yangekuwa ndiyo sababu pekee, kubwa lisingetangulia.

#40 BintiWaLamu

Maji hayatoki nje kwenda ndani ya donge, ndugu. Yameshachanganywa. Yanatoka kati ya chembe kwenda ndani ya chembe. Chembe ya unga ni ile ile kwenye donge dogo na kubwa. Kipimo chako hakinihusu.

#41 Mwl_Mstaafu

Hapo Binti amesema kweli, nami nakiri sikuliona. Kisu kilikata mahali pasipohusika.

#42 BwanaMizani

Nimerudia na donge lililopumzika dakika arobaini, uzito ule ule, kabari zile zile. Limeanza chini, kama kilo moja na robo badala ya mbili, na limefika nusu yake kwa sekunde nne au tano, nilikuwa nahesabu kwa mdomo. Kwa hiyo ni laini zaidi na pia linalegea haraka zaidi. MtotoWaMaswali, nadhani hili ndilo ulilokuwa unatafuta.

#43 MtotoWaMaswali

Ndilo. Inaonyesha kwamba donge limebadilika, halijamwaga tu mkazo wa zamani. Lakini haionyeshi kwa nini. Binti atasema maji, Chefu mkasi, mwalimu salfa.

#44 ReolojiaChiromo

Na mimi nyoka. Nadhani yote yapo, bishano ni la nani mkubwa ndani ya nusu saa ya kwanza. Ungeweza kutenganisha: kanda, pumzisha saa nzima, halafu kanda tena dakika mbili tu. Maji yameshaingia kwenye chembe, hayatatoka. Likirudi kuwa kaidi, maji siyo mkosaji mkuu.

#45 MamaMadonge

Hilo halihitaji kujaribiwa, nalifanya kila siku. Mimi nasukuma mara mbili: kwanza nafungua, napaka mafuta, nakunja kama konokono, naacha, halafu nasukuma ya mwisho. Konokono akitoka kukunjwa ni kaidi kama donge bichi. Lazima apumzike tena, ila dakika kumi zinamtosha, si nusu saa.

#46 ChefuNgara

Dakika kumi badala ya thelathini. Kwa hiyo kuna kitu kilibaki kutoka mapumziko ya kwanza na kuna kitu kilipotea.

#47 BintiWaLamu

Kilichobaki ni maji 😌

#48 MamaMadonge

Kwa biashara yangu nimeamua hivi: kijana anachanganya unga na maji saa kumi usiku bila kukanda, anaacha nikiwasha jiko na kuchemsha chai, halafu anakanda kidogo tu, anakata, anafunika na sufuria niliyoipasha moto kidogo. Leo nimeokoa kama dakika kumi na mbili. Sijui nimshukuru nani kati yenu.

Ila kijana ameniletea jingine. Amesukuma konokono mmoja akaenda upande mmoja tu, mbele na nyuma, bila kulizungusha. Likarudi kuwa kama yai. Akaliacha, akasukuma kwa kukata upande wa pili. Likarudi kidogo upande wa pili, halafu, mkono wake ukiwa umeshaondoka, likaanza kujivuta tena kwenye upande wa kwanza. Nimeliona kwa macho yangu, na simu ilikuwa mfukoni. Linakumbuka mambo mawili kwa zamu?

#49 ReolojiaChiromo

Vifundo vya haraka vilikumbuka la mwisho, vya polepole la kwanza. Inawezekana kabisa. Ila uniletee video.

#50 BwanaMizani

Kabari zangu hazina upande wa pili. Nangoja video.

#51 BodaGithurai

Na mitungi yangu ya gesi je?